Anayelalia Mayai Nyuma ya Tangi

Nyuma ya yadi ya mizigo ya reli mjini Nakuru, mwaka ule wa 1957, palikuwa na mataruma mawili makuukuu, yale magogo yanayolala chini ya reli, yaliyopandishwa juu ya mawe na kugeuzwa benchi. Yalinuka oili na dawa ya mbao, na aliyeyakalia jua likiwa kali aliondoka na mstari mweusi kwenye suruali; kwa mstari huo watu wa mtaa waliwatambua wenyeji wa hapo. Mzee Farajala alifika kila alasiri na dele lake la kahawa na jiko la makaa, akagonganisha vikombe viwili, na mazungumzo yakaendelea kana kwamba hayakuwahi kukatika. Upande wa kushoto lilisimama tangi ambako injini za moshi zilinyweshwa maji. Maji yaliyomwagika yalikuwa yamejichimbia dimbwi, dimbwi likaota matete na nyasi ndefu, na nyasi zikaleta bata wawili wa mluzi, wenye uso mweupe na kisogo cheusi, shingo rangi ya tofali lililochomwa, na mistari myembamba ubavuni. Sasa alibaki mmoja, amelalia mayai, na Jumamosi ile benchi zima halikuwa na habari nyingine.

— Ataondoka, mimi nawaambia, — alisema Spana. — Mama akibaki peke yake na mayai, siku mbili tatu anaona njaa, anaruka. Hata mimi ningeruka.

Jina lake hasa lilikuwa Omolo, fundi wa karakana ya reli, lakini kwa vile hata kanisani alikwenda na spana kwenye mfuko wa nyuma, jina la Omolo lilikuwa limebaki kwenye kadi ya kazi tu.

— Wewe uruke na tumbo hilo? Utaanguka kabla ya stesheni ya Lanet.

Aliyejibu ni Unga, yaani Nderitu, mtu wa kinu cha kusaga. Hata aoge vipi, nyusi zake zilibaki nyeupe.

— Cheka tu, — Spana alisema. — Mimi naongea mambo ya kazi. Mashine ya watu wawili, mmoja akitoka, unaifunga.

— Huyu si mashine. Huyu ni mama.

— Mama naye anachoka, bwana!

Mwishoni mwa benchi, kikombe mkononi bila kukinywa, alikaa Micah Kemboi, mwalimu wa sayansi. Alikuwa amesoma Makerere, kwa hiyo benchini aliitwa Makerere, jina lililosemwa kwa heshima alipofika na kwa kejeli alipokwisha kukaa. Mkewe Chemutai alifariki mvua ndefu zilipoanza. Hilo halikuzungumzwa hapo. Walichojua wote ni kwamba leo lori la viazi kutoka Olenguruone lingemleta mama mkwe wake, na kwamba lingerudi naye pamoja na mtoto. Mtoto mwenyewe, Chepkorir, alikuwa amelala mgongoni mwa Wachuka, mwanamke wa mandazi, aliyekuwa akikaanga kando tu ya benchi. Micah alikuwa amekubali. Neno alilipeleka mwenyewe kwa kinywa cha dereva wa lori, na tangu alipeleke hakuwa amelala vizuri.

— Makerere, tuamulie, — Spana alimgeukia. — Huyu bata ni wa kubaki au wa kuondoka?

— Sijui bado. Namtazama.

— Anamtazama! Watu walikusomesha miaka yote ile, ukapanda gari moshi mpaka Kampala, ili uje kutazama?

— Mwache, — alisema Unga. — Mimi ninajua hata alikotoka. Huyu anaingia kinuni giza likiingia, anakula mahindi yetu, anatoka na unga usoni. Mtazame yeye, kisha nitazame mimi.

— Kweli mnafanana, — Wachuka alisema huku akigeuza mandazi. — Ila yeye anatembea kwa madaha.

Benchi lilicheka. Unga alingoja kicheko kiishe, maana alikuwa na jambo.

— Na si huyo peke yake. Wenzake wanapita juu ya nyumba giza likiwa zito, kundi zima, mluzi kwenda mbele. Usiku ndio wanakwenda kula, huko vinamasini na mashambani, alfajiri wanarudi. Sasa nisikilizeni. Hii ni Hali ya Hatari. Mimi nikichungulia mlangoni saa ya marufuku ya kutoka nje, askari anataka kipande changu. Bata hana kipande, hana barua ya bwana mkubwa, na anapita juu ya polisi akipiga mluzi!

Kila mtu alitazama upande wake, kuona kama kuna sikio lisilo la benchi. Halikuwapo. Mzee Farajala akacheka kwa pua.

— Ota mabawa, — Spana alimshauri.

— Ninajaribu. Zinaota nyusi tu.

— Basi nikwambie habari ya huo mluzi, — Spana alisema na kujisogeza mbele, ishara kwamba uongo unakuja. — Alifundishwa na gadi wa reli. Nina ushahidi. Gari la mizigo la Njoro limesimama pale, dereva anangoja mluzi wa gadi. Bata anapita juu: fii, fii-fiii! Dereva anafungua mvuke, gari linaondoka. Na gadi yuko wapi? Yuko hapa kwa Wachuka, mdomo umejaa.

— Hilo ni kweli, — Wachuka alisema. — Alikimbia na reli mpaka kwenye kona, na andazi hakuliacha.

— Mmesikia? Shahidi huyo!

— Gadi nilimwona. Bata sikumwona.

— Bata hana haja ya kuonekana, mama. Kazi yake ni mluzi.

— Umegeuza mambo, — Unga alisema. — Bata alikuwapo kabla ya reli. Wazungu walikuta ndege anapiga mluzi, wenzake wote wanaondoka pamoja, hakuna anayeachwa. Wakasema, kumbe safari ndivyo inavyoendeshwa! Hata anavyosimama, mtazameni: wima, kifua mbele, miguu mirefu, shingo juu. Huyo ndiye gadi wa kwanza nchi hii. Injini ililetwa baadaye ili imsaidie.

— Na kofia yake? — Farajala aliuliza.

— Ule weusi wa kisogoni ni nini?

Micah alitabasamu. Hakuwa mtu wa kuingilia hadithi ya mwenzake, lakini palipokuwa na kosa la kupimika alishindwa kuliacha lipite.

— Jambo moja tu, — alisema. — Ule si unga. Kifaranga akianguliwa ana manyoya laini ya kahawia na njano. Akishaota manyoya ya kurukia, uso bado ni wa kijivu. Weupe unakuja polepole, anavyozidi kukua.

— Kama mvi, — alisema Unga.

— Kama mvi.

Alilijua pia jina ambalo wataalamu walimpa ndege huyu kwa Kilatini. Maana yake ni aliyefiwa, kwa sababu ule weupe na weusi wa kichwani uliwakumbusha vazi la msiba. Alilisoma zamani, kabla ya kuoa, na siku ile aliona wametia chumvi: kumpa jina la msiba ndege anayeishi na mwenzake mwaka hata mwaka, wakichambuana manyoya ya shingo jioni nzima. Leo hakulisema.

— Na ile ya mabawa, mwalimu? — Unga aliuliza. — Ulisema yanaanguka yote.

— Manyoya makubwa ya mabawa, ndiyo, kwa pamoja, wakishamaliza kulea. Kwa wiki kadhaa hawawezi kuruka. Wanajificha kwenye matete mpaka mapya yaote.

— Hiyo ni karakana! — Spana alipiga goti lake. — Injini inavuliwa magurudumu, inalala bandani, hakuna safari mpaka vipuri vifike. Basi nimeanza kumheshimu huyu bata.

— Ungeanza mapema, — alisema Unga, — usingemla mwenzake.

Hapo ndipo mazungumzo ya siku zile yalipofika kila mara. Bata wa pili alikuwa amejigonga kwenye waya wa simu kulipokuwa kunapambazuka, na aliyempata chini ya nguzo ni Spana akienda kazini. Alimwahi kabla ya mbwa. Benchi lilikuwa halijamsamehe.

— Alikuwa amekwisha kufa! — Spana alilalamika. — Ningefanya nini? Nimpigie daktari simu kwa waya uleule?

— Ungemzika.

— Nilimzika. Kwenye ugali.

— Nyinyi chekeni, mayai yanapoa, — Wachuka alisema. Alifuta mikono, akavuta kikapu kutoka chini ya meza yake. Ndani kulikuwa na majani makavu, yamepangwa vizuri kwa duara. — Kuku wangu mwekundu anataka kulalia hata mawe. Juzi nimemkuta juu ya kifuniko cha sufuria. Jioni hii nachukua mayai yale naweka chini yake, yamekwisha. Huyo mama bata peke yake hawezi. Akienda kula, mayai yanapata baridi. Asipokwenda, anakufa njaa juu yake.

— Na vifaranga wakiingia majini, kuku atafanya nini? — Unga aliuliza.

— Atasimama ukingoni apige kelele, kama mama yeyote.

— Makerere, joto la kuku linatosha?

— Linatosha, — Micah alisema. — Kuku anaweza.

Alilisema kwa sauti ileile aliyoitumia na dereva wa lori: mwambie mama aje, ni sawa. Ilikuwa hoja nzuri. Kuku mwenye joto, kikapu, majani makavu. Mwanamke mwenye nyumba yake, ng'ombe wa maziwa, hewa ya mlimani. Alikuwa amezipitia hoja zote mbili mara nyingi kutafuta kosa, na hakuliona. Hilo ndilo lililomsumbua.

— Basi imekwisha, — Spana alisema. — Jioni tunachukua mayai, mama bata apumzike.

Lori lilipiga honi kwenye kona ya yadi.

Micah aliweka kikombe chini, akasimama na kuvua kofia. Kutoka kwenye kiti cha mbele alishuka mwanamke mrefu aliyevaa koti la kiume la sufu, bunda limefungwa kiunoni. Dereva aliwapungia mkono, akasema anashusha viazi sokoni kisha anarudi, wasimcheleweshe maana ukungu wa milima ya Mau haumngoji mtu.

— Chamgei, mama, — Micah alisema, akampa mkono huku ameushika kwa mwingine.

— Chamgei, baba Chepkorir.

Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwa Wachuka, akamsalimu, akainama kumtazama mtoto bila kumgusa.

— Amefanana na mama yake, — alisema. — Mwache alale. Nitambeba akiamka.

Alirudi, na wanaume wote walikuwa wamesimama. Unga alipangusa benchi kwa kofia yake, jambo lililoliongezea unga. Farajala alimpa mgeni kikombe cha kwanza cha dele jipya. Kimya kikaingia, kile cha watu wanaojua sababu ya safari na hawataki kuitaja. Spana hakuwa mtu wa kustahimili kimya. Alipoona hakuna anayeanza, alianza yeye, na katika pumzi moja mgeni akasimuliwa habari yote: bata wawili, tangi, waya wa simu, mama bata aliyebaki na mayai, kuku mwekundu na kikapu. Ugali aliuruka.

Mama mkwe alisikiliza akipuliza kahawa.

— Mmesema mama bata.

— Ndiyo, mama.

— Aliyebaki ndiye mama?

— Ndiye.

— Mlijuaje?

Spana alimtazama Unga.

— Si yupo juu ya mayai, — alisema Unga.

— Hilo nimelisikia. Nauliza mlijuaje kwamba ni mama.

Wote walimgeukia Spana, kwa kuwa yeye ndiye aliyewahi kumshika mmoja wao.

— Msinitazame mimi! — alisema. — Mama, nisamehe, mimi yule mwingine nilimnyonyoa baada ya kazi, kukiwa giza. Na akishaingia kwenye sufuria, bata ni bata.

— Lakini huyu anavyokaa, — Wachuka alisema. — Kimya, mvua inampiga, hatikisiki. Mwanamume gani anakaa hivyo?

— Jogoo hakai hivyo, — mgeni alikubali. — Lakini huyo si jogoo. Ndiyo maana nauliza.

Hapo macho yote yalikwenda mwisho wa benchi.

Micah alihisi uso wake ukipata moto. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelifundisha darasani mwaka uliopita kwa chaki ya rangi: kwamba dume na jike wa ndege huyu hawatenganishwi kwa macho, kwamba wote wawili hulalia mayai kwa zamu, na kwamba mara nyingi dume ndiye hukaa zaidi. Alilijua kama anavyolijua jina lake. Na tangu siku ya waya alikuwa akisema mama bata pamoja na wengine wote, kwa sababu tu ndege yule alikuwa amekaa.

— Hatujui, — alisema. — Wanafanana. Na wote wawili wanalalia. Huyu aliyebaki anaweza kuwa baba.

— Baba! — Unga alishika kichwa.

— Mwalimu, ulikuwa unajua hiyo na umenyamaza? — Spana aliuliza. — Siku zote hizi?

— Nilijua. Sikufikiri.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikiri jambo kama hilo, na hawakujua kama ni ruhusa kucheka.

Wakati huohuo Chepkorir aliamka. Alianza kwa kunung'unika, kisha akalia kwa nguvu zake zote. Wachuka alimtikisa mgongoni. Haikusaidia. Mama mkwe aliweka kikombe chini, akamchukua, akampakata, akampapasa paja, akamwimbia kwa sauti ya chini wimbo ambao bila shaka alimwimbia pia mama yake. Mtoto alijinyoosha kama ubao na kulia zaidi.

— Ni ugeni, — Wachuka alisema. — Atazoea.

Micah alikuwa amesimama na mikono yake ikining'inia. Alijua la kufanya. Lakini alikuwa hajawahi kulifanya isipokuwa nyumbani, mlango umefungwa, mahali ambapo nepi zilianikwa kwa kamba juu ya kitanda ili jirani asizione. Alitazama benchi: Spana, Unga, Mzee Farajala na dele lake. Akalamba midomo.

Akapiga mluzi. Sauti ya kwanza ya chini, ya pili fupi, ya tatu ndefu inayoshuka.

Mtoto alikatiza kilio. Akageuza kichwa huku na huku, machozi yakiwa bado shavuni, akimtafuta. Micah alipiga tena, akimsogelea, na mtoto akamwona na kunyoosha mikono. Alimpokea, akamweka begani pale alipopazoea. Alipiga mara ya tatu, polepole.

Kutoka kwenye nyasi nyuma ya tangi, kitu kikajibu: fii, fii-fiii.

— Sasa umemchanganya mjane wa watu, — Spana alinong'ona.

Mama mkwe hakucheka.

— Nani alikufundisha hivyo?

— Wao, — Micah alisema. — Walikuwa wakipita juu ya nyumba jioni, naye ananyamaza kuwasikiliza. Jioni moja hawakupita, nikajaribu mwenyewe.

Kisha akalisema alilotakiwa kulisema wiki nyingi nyuma, bila kulipamba.

— Mama, nilikupelekea neno, na wewe umelifuata mpaka hapa. Naomba nilirudishe. Naomba mtoto abaki na mimi.

Benchi lilitazama ardhi. Unga aligundua jambo la kuchunguza kwenye kiatu chake.

— Baba yake Chemutai, — mama mkwe alisema, — hakumshika Chemutai mpaka alipoanza kukimbia. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mwanamume hashiki mtoto mchanga.

— Najua, mama.

— Usiku akilia, nani anaamka?

— Mimi.

— Asubuhi anakula nini?

— Maziwa yaliyochemshwa. Sasa ameanza na uji wa wimbi, mwepesi, nauchuja kwa kitambaa.

— Nguo zake anafua nani?

— Mimi. Naanika ndani.

— Kwa nini ndani?

Alimhamishia mtoto bega la pili.

— Watu wasione.

— Ndiyo maana ana upele kwenye paja, — mama mkwe alisema. — Nimeuona sasa hivi. Nguo hazipati jua. Anika nje.

Ilichukua muda kidogo kabla Micah hajaelewa kwamba ameshajibiwa.

— Ngoja, ngoja, — Spana alishindwa kujizuia. — Makerere, kumbe wewe ndiye dobi? Sisi tulidhani ni Wachuka!

— Mimi namshika saa za shule, — alisema Wachuka. — Nepi sijafua hata moja. Nilimwahidi nisiseme.

— Ndiyo maana mikono yake ni laini kuliko ya mwanamke, — alisema Unga.

— Wewe wa kwako umeufua lini uso huo? — Wachuka alimjibu, na hapo ruhusa ya kucheka ikapatikana.

Mama mkwe hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akitazama tangi, pale maji yalipokuwa yakidondoka.

— Nyumba yangu imekuwa kimya, — alisema, kwa sauti ya Micah peke yake. — Nilisema naja kwa ajili ya mtoto. Nusu ilikuwa kwa ajili ya ukimya huo.

— Yangu pia, mama. Huyu ndiye pekee anayepiga kelele.

— Shule ikifungwa, utamleta?

— Nitamleta. Na mimi nitakaa, kama kuna nafasi.

— Nafasi ipo. Na viazi vya kuchimba vipo.

Alifungua lile bunda la kiunoni. Lilikuwa mbeleko ya ngozi ya mbuzi, imelainishwa kwa samli mpaka ikawa kama kitambaa, kingo zake zimeliwa na miaka. Micah hakuuliza ni nani aliyewahi kubebwa ndani yake.

— Geuka, — alimwambia.

Aligeuka. Alihisi uzito wa mtoto ukimpanda mgongoni, kisha ngozi ikizunguka kifua.

— Mama, fundo hilo litateleza, — Spana alisema, amekwisha kuinuka. — Nina fundo moja la kufungia mabomba ya mvuke, hilo hata...

— Ondoa mkono.

Aliuondoa. Lori lilirudi likiwa tupu, dereva akatoa kichwa dirishani.

— Mama, tunakwenda? Mtoto yuko wapi?

Kisha akamwona alipo, akabaki na kichwa nje.

— Wewe nenda, — mama mkwe alimwambia. — Nitarudi na safari ya Jumatatu. Kwanza nataka kumwona huyo bata.

Walikwenda wote mpaka kwenye ua wa reli zilizochakaa, wakasimama hapo, mbali kidogo. Katikati ya nyasi palikuwa na doa jeupe tu, halitikisiki. Unga aliingiza mkono mfukoni, akatoa punje za mahindi zilizovunjika, zile zinazobaki chini ya kinu, akazirusha taratibu ukingoni mwa dimbwi.

— Asiende mbali kula, — alieleza, kana kwamba kuna aliyemshutumu. — Nitaleta kila siku. Si ndiyo taabu yenyewe, chakula?

— Na kikapu changu? — Wachuka aliuliza.

— Tia mandazi, — Unga alimjibu. — Kuku aendelee na kifuniko chake.

— Lakini sasa tumwite nani? — Spana aliuliza. — Mama Bata imeharibika.

— Mwite Gadi, — alisema Unga.

— Gadi! Haya, hiyo nakubali. Gari limemwacha, lakini mizigo yote anayo.

Waliporudi benchini makaa yalikuwa yamefifia. Mzee Farajala aliinamisha dele, akalitikisa, akapata kikombe kimoja na mashapo. Wote walinyoosha mikono. Aliwapita wote, akampelekea Micah.

— Cha kwanza hukukinywa, — alisema. — Hiki hakina mwenzake. Kahawa imekwisha.

Kwa miezi ile yote Micah alijua hali mbili tu: mtoto mikononi mwake, au mikono mitupu na mtoto kwa watu. Nyuma yake Chepkorir alikuwa amelishika sikio lake na kulivuta kwa bidii, kama mtu anayetaka gari liondoke. Micah alinyoosha mkono mmoja kupokea kikombe, kisha akakumbuka kwamba na wa pili hauna kazi, akakishika kwa yote miwili.